Mwajiriwa Wangu ni Nani? Matibabu ya Wafanyakazi na Vibarua kati ya Huduma za Umma na za Binafsi



Katika parokia zetu, kuanzia mitaa ya kata ya Ramadhani hapa mjini Njombe hadi Makambako, kwenye njia panda ya Songea, Mbeya na Dar es Salaam, liko swali linaloulizwa mara nyingi kuliko linavyojibiwa: mtu akiugua au akiumia kazini, nani anawajibika kumtibu, na atibiwe wapi? Mwenye ajira ya kudumu serikalini ana kadi mfukoni. Mchuma chai, mpakia viazi, mpasua mbao, fundi mwashi na mlinzi wa usiku mara nyingi hawana. Wakiumia, huambiwa kwamba wao si waajiriwa, ni watu wa mkataba tu, na hapo mazungumzo huishia.

Katika makala hii tunakusudia kueleza kwa utaratibu mambo manne: maana ya huduma za umma na za binafsi, tofauti kati ya mwajiriwa na mkandarasi, mifuko inayogharimia matibabu, na yale ambayo Mafundisho Jamii ya Kanisa yanatudai sisi sote, waajiri na waajiriwa.

Maswali mawili yanayochanganywa

Watu wanapobishana kuhusu huduma za umma na za binafsi, aghalabu huchanganya maswali mawili. La kwanza ni nani anamiliki hospitali. La pili ni nani analipa gharama. Maswali haya yanahusiana, lakini si swali moja.

Hospitali ya Kibena ni ya Serikali, na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyojengwa Wikichi ni ya Serikali. Hospitali ya Consolata Ikonda wilayani Makete ni ya Wamisionari wa Consolata, Hospitali ya Mtakatifu Yohane Lugarawa wilayani Ludewa ni ya Kanisa, na Ilembula wilayani Wanging'ombe ni ya ndugu zetu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri. Hizi tatu za mwisho kisheria huhesabiwa kuwa si za Serikali, lakini hakuna mwana Njombe atakayesema zilijengwa ili kumtajirisha mtu. Kwa umiliki ni za binafsi. Kwa lengo ni za watu wote.

Upande wa malipo hali ni hiyo hiyo. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ni chombo cha umma, lakini kadi yake hupokelewa pia katika hospitali za Kanisa na za watu binafsi zilizoingia nao mkataba. Kwa upande mwingine, mgonjwa anaweza kulazwa katika hospitali ya Serikali na kulipa kila senti kutoka mfukoni mwake, kwa sababu hana bima yoyote. Kwa hiyo anayemwuliza mwajiri wake, "Mnatutibia wapi?" ameuliza nusu ya swali. Nusu iliyobaki ni hii: "Bili inalipwa na nani, na kwa kiasi gani?"

Tulikotoka

Historia yetu inasaidia kuelewa kwa nini jambo hili limekuwa gumu. Babu zetu wengi wa Ubena, Ukinga na Upangwa waliondoka milimani kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Waliitwa manamba. Kuanzia mwaka 1944 wamiliki wa mashamba hayo walikuwa na ofisi yao ya kuajiri vibarua, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Manamba alikuwa mtu wa mkataba: alichukuliwa akiwa na nguvu, akafanya kazi kwa muda uliopangwa, akarudishwa kwao. Ugonjwa uliojitokeza baada ya mkataba ulikuwa mzigo wa ukoo wake. Hapa Njombe kwenyewe Kampuni ya Miwati ya Tanganyika ilianza mwaka 1949, na tangu hapo watu wetu wakazoea pia ajira ya mashamba makubwa ya karibu na nyumbani.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Taifa liliamua kwamba matibabu yasiwe bidhaa. Mwaka 1977 sheria ilipiga marufuku hospitali za binafsi zinazoendeshwa kwa faida, lakini ikaziacha za mashirika ya dini ziendelee. Nia ilikuwa njema, na zahanati nyingi za vijijini ni matunda ya kipindi hicho. Hata hivyo uchumi ulipodhoofika, dawa zilikosekana na majengo yakachakaa. Mwaka 1991 sheria ilirekebishwa na hospitali za binafsi zikaruhusiwa tena. Mwaka 1993 hospitali za Serikali zikaanza utaratibu wa wagonjwa kuchangia gharama. Katikati, mwaka 1992, Serikali na Makanisa, kwa njia ya Baraza la Maaskofu Katoliki na Jumuiya ya Kikristo Tanzania, walitiliana saini makubaliano ya ushirikiano, na Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii ikaundwa. Ndiyo maana leo baadhi ya hospitali za Kanisa hutumika kama hospitali teule za wilaya, na Serikali husaidia kuleta watumishi na dawa.

Bima ilikuja baadaye. Sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ilipitishwa mwaka 1999, na Mfuko ukaanza kazi mwaka 2001 kwa watumishi wa umma. Mchango ni asilimia 6 ya mshahara: mwajiri 3 na mtumishi 3. Kwa wananchi wa vijijini ulikuwapo Mfuko wa Afya ya Jamii, uliojaribiwa kwanza Igunga mwaka 1996. Ulipoboreshwa mwaka 2018, kaya ya watu sita ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Tazama basi pengo lililobaki kati ya makundi hayo mawili. Mtumishi wa umma alihifadhiwa kwa lazima, mkulima alialikwa kwa hiari, naye mfanyakazi wa sekta binafsi, hasa wa muda, alitegemea utashi wa bosi wake.

Ni pengo hilo ambalo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwezi Novemba 2023, imekusudia kuliziba. Sheria hiyo inamtaka mwajiri wa sekta binafsi naye amsajili mfanyakazi wake katika bima ya afya na kuchangia pamoja naye. Inaweka pia utaratibu kwa wasio katika ajira rasmi na kwa wasio na uwezo. Viwango na taratibu za utekelezaji zinazotumika sasa zinaulizwa katika ofisi za bima, ofisi za mitaa na vituo vya afya. Tunawahimiza waamini wasingoje kuugua ndipo waulize.

Mwajiriwa ni nani, na mkandarasi ni nani?

Hapa ndipo haki za wengi hupotelea. Kijana anaanza kazi katika kiwanda cha mbao. Anaingia saa moja asubuhi, anatoka saa kumi na moja jioni, msimamizi humpangia kazi, msumeno ni wa kiwanda, na hana kazi nyingine. Amesainishwa karatasi inayosema yeye ni "mkandarasi wa kujitegemea". Je, karatasi hiyo inatosha kumwondoa katika hesabu ya waajiriwa?

Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, katika kifungu cha 61, inaangalia hali halisi ya kazi. Mtu huchukuliwa kuwa ni mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa ipo walau dalili moja kati ya hizi: namna anavyofanya kazi inaongozwa na mtu mwingine, saa zake za kazi zinapangwa na mtu mwingine, ikiwa ni taasisi, yeye ni sehemu ya taasisi hiyo, amemfanyia kazi mtu huyo kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anamtegemea mtu huyo kiuchumi, anapewa vifaa vya kazi na mtu huyo, au anamfanyia kazi mtu huyo mmoja tu. Kijana wetu wa kiwanda cha mbao anazo dalili hizo karibu zote.

Mkandarasi wa kweli ni mtu mwingine kabisa. Fundi anayechukua kazi ya kuezeka nyumba kwa bei ya jumla, akaja na vifaa vyake na vijana wake, akapanga mwenyewe saa zake, na kesho akaenda kwa mteja mwingine, huyo anajitegemea. Matibabu yake ni jukumu lake. Lakini naye asisahau jambo moja: vijana aliokuja nao wana mwajiri, na mwajiri huyo ni yeye.

Yupo pia mfanyakazi aliyeajiriwa na wakala na kupelekwa kufanya kazi kwa kampuni nyingine, kama walivyo walinzi na wafanya usafi wengi. Huyu hupigwa danadana. Kampuni humwambia aende kwa wakala, wakala humwambia aliumia kwenye kampuni. Kabla ya kuanza kazi ya namna hiyo, lazima ijulikane kwa maandishi nani anamlipia bima na nani amemsajili katika Mfuko wa Fidia.

Mifuko inayogharimia matibabu

Waamini wengi hudhani kwamba bima ya afya na fidia ya kuumia kazini ni kitu kimoja. Sivyo.

*Bima ya afya* inahusu ugonjwa wa kawaida: malaria, kisukari, uzazi, upasuaji wa ngiri. Mchango hutoka kwa mwajiri na mfanyakazi, na kwa kawaida kadi huwahudumia pia mwenzi wa ndoa na watoto au wategemezi kwa idadi iliyowekwa.

*Fidia kwa wafanyakazi* inahusu ajali, ugonjwa au kifo kinachotokana na kazi. Sheria yake ni ya mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi Julai 2015. Mchango wake unatoka kwa mwajiri peke yake; hairuhusiwi kumkata mfanyakazi hata shilingi moja. Awali sekta binafsi ilitozwa asilimia 1 ya mishahara, kiwango kikapunguzwa hadi asilimia 0.5. Mfuko hulipia matibabu, hulipa sehemu ya kipato cha aliyeshindwa kufanya kazi, hulipa pensheni ya ulemavu na ya wategemezi wa marehemu, na husaidia gharama za mazishi. Mfanyakazi anatakiwa kutoa taarifa kwa mwajiri mapema iwezekanavyo, na madai yasipite miezi 12. Mwajiri akishapokea taarifa anapaswa kuifikisha kwenye Mfuko ndani ya siku 7.

*Likizo ya ugonjwa* hailipi hospitali, ila inalinda mshahara wakati wa kuugua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 126 katika kipindi cha miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, kukiwa na cheti cha daktari. Kwa kawaida haki hii huanza baada ya miezi sita ya utumishi. Hata hivyo, aliyefanya kazi zaidi ya mara moja kwa mwajiri yule yule ndani ya mwaka, na jumla ya muda huo ikapita miezi sita, naye anahesabiwa. Wachuma chai na wafanyakazi wa misimu wakitambue kifungu hicho.

*Bima za makampuni binafsi* ni njia ya nne. Mwajiri hununua huduma kwa ajili ya watu wake, pengine kwa kiwango kikubwa kuliko bima ya umma.

Zaidi ya hayo, Serikali ina utaratibu wa msamaha wa gharama kwa watoto wa chini ya miaka mitano, akina mama wajawazito, wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, na magonjwa kadhaa ya kudumu na ya kuambukiza. Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI na dawa za kifua kikuu hutolewa bure, katika vituo vya Serikali na hata vya Kanisa. Jambo hili tunalisema kwa uzito, kwa sababu katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022-2023 mkoa wetu wa Njombe ulikuwa na kiwango cha juu kuliko mikoa yote, asilimia 12.7 ya watu wazima. Mfanyakazi asiache dawa kwa kuogopa kumwomba bosi ruhusa ya kwenda kliniki, na bosi asimfanye mtu achague kati ya kibarua chake na uhai wake.

Ipi ni bora?

Huduma za umma zina faida isiyo na mbadala: zipo karibu na watu wengi. Ngazi yake inaanzia zahanati ya kijiji, inapanda kituo cha afya, hospitali ya wilaya au mji, hadi hospitali ya rufaa. Gharama zake ni nafuu na hazimfukuzi mtu kwa sababu mkataba wake umekwisha. Kasoro zake tunazifahamu sote: foleni, uchache wa wataalamu, na karatasi ya dawa inayopelekwa duka la nje kwa sababu ghala ni tupu. Kasoro hizo ni za kurekebishwa. Hazitoshi kuwa sababu ya mwenye nacho kusema hospitali hizo ni za maskini.

Huduma za binafsi aghalabu zina haraka na nafasi. Lakini bima binafsi ya kazini inahitaji kusomwa vizuri. Ina kikomo cha fedha kwa mwaka, na kikifikiwa mgonjwa wa saratani au figo huachwa katikati ya safari. Huweza kuwa na muda wa kungoja kabla ya kutibiwa uzazi au ugonjwa aliokuja nao mtu. Orodha ya hospitali zake pengine imejaa majina ya Dar es Salaam na haina hata moja ambayo mtu wa Makambako anaweza kuifikia usiku. Na siku mkataba wa kazi unapokwisha, kadi nayo hulala.

Lipo pia funzo la mwaka 2024. Tarehe 1 Machi mwaka huo Mfuko wa Taifa ulianza kutumia kitita kipya cha bei na huduma. Hospitali kadhaa za binafsi, zikisema bei hizo haziwezi kukidhi gharama, zilitangaza kusitisha kuwapokea wanachama wa Mfuko, na yakafuata mazungumzo na Serikali. Hatuko hapa kuamua nani alikuwa na hesabu sahihi. Tunachoona ni kwamba wawili wanapogombana juu ya bei, anayekaa benchi la mapokezi akiwa na kadi isiyofanya kazi ni mgonjwa. Ndiyo maana Taifa linahitaji hospitali za umma zenye nguvu pamoja na za binafsi zenye haki, ili kuyumba kwa upande mmoja kusimwache mwananchi bila pa kwenda.

Mama Kanisa hajifungi kwenye upande mmoja. Kanuni ya mshikamano inatutaka tubebeane mizigo kupitia mfuko wa pamoja, na Serikali ndiyo yenye mkono mrefu wa kuufikia umma wote. Kanuni auni inatukumbusha kwamba kile ambacho familia, parokia, shirika la kitawa au chama cha wafanyakazi kinaweza kukifanya vema, Serikali ikiwezeshe badala ya kukimeza. Hospitali ya misheni ni mfano hai wa kanuni hizo mbili zikitembea pamoja.

Sauti ya Kanisa

Tarehe 15 Mei 1891 Papa Leo XIII alitoa Waraka wa "Rerum Novarum" kuhusu hali ya wafanyakazi, akifundisha kwamba makubaliano kati ya tajiri na maskini hayawi ya haki kwa sababu tu maskini ameyakubali. Njaa humlazimisha mtu kukubali lolote. Baba Mtakatifu Leo XIV, baada ya kuchaguliwa tarehe 8 Mei 2025, alieleza kuwa jina lake linamkumbuka Papa huyo na Waraka huo. Papa Yohane XXIII, katika "Pacem in Terris" ya mwaka 1963, aliyataja matibabu miongoni mwa haki za binadamu.

Anayeligusa swali letu kwa karibu zaidi ni Mtakatifu Yohane Paulo II katika "Laborem Exercens" ya mwaka 1981. Anafundisha kwamba gharama za matibabu, hasa panapotokea ajali kazini, zinapaswa kumwezesha mfanyakazi kutibiwa kwa urahisi, kwa bei nafuu na hata bure inapowezekana. Anafundisha pia juu ya mwajiri asiye wa moja kwa moja: wale wote ambao, ijapokuwa hawakusaini mkataba na mfanyakazi, maamuzi yao ndiyo yanayoamua ujira na hali yake. Kampuni inayompa wakala zabuni kwa bei ya chini kiasi kwamba wakala hawezi kulipia bima ya walinzi, imeshiriki katika kuwanyima bima. Sisi tunaofurahia bei ndogo ya ujenzi bila kuuliza fundi amewalipa nini vijana wake, tumo humo humo.

Injili ya Luka, sura ya kumi, inatufikisha kwenye kiini. Mwanasheria alimwuliza Yesu jirani yake ni nani, akitafuta mpaka wa wajibu wake: nimpende nani, na nani anihusu kidogo? Yesu alimjibu kwa mfano wa Msamaria, kisha akaligeuza swali: nani alijifanya jirani kwa yule aliyeumia? Mwajiri anayeuliza, "Mwajiriwa wangu ni nani?" ili apate kuwatoa vibarua nje ya mstari, anarudia swali la yule mwanasheria.

Tuangalie pia alivyotenda Msamaria. Nyumba ya wageni haikuwa yake, na mgonjwa hakuwa na kitu. Msamaria alitoa dinari mbili mapema, akaahidi kufidia gharama zitakazozidi. Mwenye nyumba alitoa huduma, mwenye uwezo akalipa, aliyeumia akapona. Hakuna aliyeuliza kwanza yule mtu alikuwa safarini kwa mkataba wa nani.

Tufanye nini?

*Kwa waajiri*, wakubwa na wadogo. Wengi husema hawana uwezo. Tufanye hesabu. Kwa mfanyakazi wa mshahara wa shilingi 200,000 kwa mwezi, mchango wa asilimia 6 ni shilingi 12,000; mkigawana nusu kwa nusu, kila mmoja anatoa 6,000. Mchango wa Mfuko wa Fidia wa asilimia 0.5 ni shilingi 1,000. Mguu mmoja uliovunjika kwa kuanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi hugharimu zaidi ya michango ya miaka mingi, na asiyesajili watu wake anaweza kujikuta mbele ya sheria pia. Viatu vigumu, glovu na kofia ngumu navyo ni matibabu, yanayotolewa kabla ya ajali.

*Kwa wafanyakazi na vibarua*. Kabla ya kukubali kazi, uliza kwa adabu lakini bila kuogopa: Je, nimesajiliwa katika bima ya afya, na ni ipi? Mke au mume na watoto wangu wamo? Kadi inapokelewa hospitali gani hapa Njombe au Makambako? Mwajiri amejisajili katika Mfuko wa Fidia? Mkataba ukiisha, ninabaki na nini? Tunza nakala ya mkataba, hati za malipo na hata ujumbe wa simu wa msimamizi. Ukiumia, toa taarifa siku hiyo hiyo mbele ya mashahidi na upate cheti cha daktari. Mgogoro ukizuka, nenda kwa Afisa Kazi au Tume ya Usuluhishi na Uamuzi mapema. Aliyefukuzwa kazi isivyo haki ana siku 30 tu za kufungua shauri. Migogoro mingine ina siku 60.

*Kwa waliojiajiri*: waendesha bodaboda, mafundi, wachuuzi wa parachichi na viazi. Hakuna mwajiri atakayekuchangia, kwa hiyo kata bima ukiwa mzima, msimu wa mauzo, fedha zikiwa mkononi. Mtu akikata bima akiwa tayari kitandani, mfuko wa pamoja hauwezi kudumu.

*Kwa parokia na jumuiya zetu*. Mpishi wa nyumba ya mapadre, mlinzi wa kanisa, mwalimu wa chekechea ya parokia na kibarua wa shamba la parokia ni wafanyakazi, na Mafundisho Jamii hayaishii kwenye lango la kanisa. Halmashauri za walei ziweke michango yao katika bajeti kabla ya kuweka bajeti ya vipaza sauti. Vivyo hivyo kwa msichana wa kazi za ndani katika nyumba zetu. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ambazo tayari huchangia rambirambi kwa moyo mkuu, zingefanya vema kutenga mfuko wa kuwakatia bima kaya zisizojiweza. Tumezoea kuchanga kwa ajili ya jeneza. Tujifunze kuchanga ili jeneza lisihitajike mapema.

Mtume Yakobo, katika sura ya tano ya barua yake, anawaonya matajiri kwamba ujira waliowazuilia wavunaji wa mashamba yao unapiga kelele, na kilio hicho kimefika masikioni mwa Bwana. Mchango wa matibabu ni sehemu ya ujira huo. Ukizuiliwa, nao una sauti. Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, ambaye Kanisa humwadhimisha tarehe 1 Mei tangu Papa Pio XII alipoiweka sikukuu hiyo mwaka 1955, atuombee ili katika mashamba, viwanda na nyumba zetu asiwepo mtu anayetumiwa akiwa na nguvu na kusahauliwa akiwa na maumivu.